Sekunde Tatu za Bwana Peguero

Jumatatu, 5 Juni

Nimepewa saa. Sikuiomba.

Jumatatu timu yetu ya besiboli haina mchezo, kwa hiyo ndiyo siku ya mabalaa ya ofisini. Bi Haugen, meneja wetu mkuu, aliniita saa tatu kamili. Mama huyu husaini barua huku akizungumza na simu mbili, wala hakosei hata nukta. Namhusudu. Alisema mzee aliyekuwa akiendesha saa ya kurushia amehamia kwa bintiye Duluth, na kwamba mimi nina vidole vizima na sijawahi kuchelewa kazini. Basi nianze kesho. Nilitaka kusema hapana. Mbele ya Bi Haugen, hapana yangu hukwama kooni na kutoka ndiyo.

Kanuni yenyewe ina miezi miwili tangu ianze kutumika. Mrushaji akishapokea mpira, saa inahesabu kutoka kumi na tano kwenda sifuri. Sifuri ikimkuta hajarusha, mwamuzi anamhesabia mpira mbaya mmoja. Mipira mibaya minne, na mpigaji anatembea zake hadi kituo cha kwanza bila jasho. Anayebonyeza kitufe ni binadamu. Binadamu huyo sasa ni mimi. Mungu wangu!

Wenye timu waliipitisha kanuni hii wakati wa baridi, katika chumba ambamo hapakuwa na mchezaji hata mmoja. Ndicho chanzo cha ugomvi wote. Wachezaji wa ligi wameunda chama, na wanataka kitu kimoja tu: kiti chenye kura kwenye kamati ya kanuni. Wenye timu watajibu Ijumaa ya tarehe 16. Wakisema hapana, Jumamosi ya tarehe 17 ni mgomo, timu zote kumi na mbili.

Waraka umetoka ligi. Wafanyakazi wa ofisi tusizungumze na wachezaji jambo lolote isipokuwa salamu, hali ya hewa na dharura za moto. Nimetoa nakala tatu. Moja iko juu ya meza yangu, moja kwenye mlango wa friji, moja mfukoni.

Mwenyekiti wa wachezaji hapa Wessel Bend ni Anselmo Peguero, mrushaji, miaka thelathini na sita. Wenzake wanamwita Mzee. Mwaka jana hapakuwa na mrushaji wa polepole kama yeye katika Iowa nzima. Alikuwa akipangusa paji la uso. Akitazama mawingu. Akitema ganda la alizeti. Akimwangalia mpigaji kama daktari aliyeshika majibu ya vipimo. Sekunde arobaini! Kisha mpira unapita, na mpigaji anabaki na gongo lake begani kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Sijaona kitu kizuri zaidi ya hicho, na nimesoma chuo kikuu miaka minne.

Na huyo ndiye tunayembana kwa sekunde kumi na tano. Kwa kidole changu!

Muda wangu wa majaribio unaisha mwisho wa mwezi. Nafasi ya kudumu ni moja, nasi tuko wawili: mimi, na Dirk Fennimore wa matangazo, ambaye siku za mchezo huvaa vazi la korongo, ndege wa nembo yetu, na kucheza juu ya paa la kibanda cha wachezaji. Dirk ameshanibatiza Bwana Sekunde. Alinipigia saluti mara nne kabla ya chakula cha mchana.

Saa tisa alasiri nikapata wazo. Nitachelewa kubonyeza. Sekunde tatu tu, kila Bwana Peguero anapopokea mpira. Hakuna atakayejua. Atashinda. Akishinda ataipenda saa. Akiipenda hatagoma. Asipogoma yeye, hagomi mtu. Nami nitaajiriwa. Nimeikagua hoja hii mara mbili na sikuona tundu.

Jumanne, 6 Juni

Kibanda cha saa kiko juu ya jukwaa la kituo cha kwanza. Ni chembamba kama kabati la mifagio. Kitufe ni chekundu. Nikaushikilia mkono wangu kwa mkono wa pili.

Bwana Peguero akapanda kichuguuni, ule mwinuko wa udongo wa kurushia mpira. Akapokea mpira. Moja, mbili, tatu, nikabonyeza. Hakuna aliyegeuka! Mwamuzi kimya. Nikarudia. Kimya. Nikajisikia kama mtu anayemwekea mfalme mto nyuma ya mgongo bila mfalme kujua.

Ila lilitokea jambo la ajabu. Katika mpira wa tano aliinua macho akaiangalia saa. Akaiangalia tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishiwa upande wa pili. Baada ya hapo mipira yake ikapotea. Mingine juu, mingine chini, mmoja ulikwenda kwa muuza soseji. Aliwatembeza wapigaji sita. Tumefungwa saba kwa mbili.

Lakini hakuadhibiwa kwa muda hata mara moja! Upande wa kidole, mpango umefaulu kabisa. Upande wa mkono wake, nadhani ni uchovu wa mazungumzo na wenye timu. Maskini.

Dirk alipita akiwa amebeba kichwa cha korongo kwapani. Alisema ameona wazee wakicheza bao kwa kasi kuliko mimi ninavyobonyeza. Nilidhani nimekamatwa. Kumbe alikuwa anatania tu. Nilikunywa maji glasi tatu.

Alhamisi, 8 Juni

Bwana Peguero alikuja ofisini kuleta barua ya chama. Niligonga mhuri wa kupokelewa, tarehe, saa, dakika. Mkono wake ni mkubwa kama sahani. Aliipanga barua yake sambamba na ukingo wa meza yangu kwa ncha ya kidole, taratibu, nusu inchi. Mtu wa utaratibu! Nilikaribia kulia.

Nikamwamkia. Akaitikia. Akauona waraka juu ya meza, akausoma wote, hata maandishi madogo. Kisha akasema, "Haya mdogo wangu, tuzungumze hali ya hewa basi."

Nikasema kuna joto. Akakubali kuna joto. Akasema lakini Jumanne pale kichuguuni hali ilikuwa ya ajabu kidogo. Kuna kitu kilikuwa kinachelewa. Kama sekunde tatu hivi. Alikuwa akinitazama. Alitazama, akatafuna mbegu yake moja ya alizeti, akasubiri.

Nikamwambia nitafuatilia.

Nimefuatilia. Nimepiga simu uwanja wa ndege, wamenisomea upepo wa Jumanne saa kwa saa. Kusini-magharibi, maili nane. Wa kawaida kabisa. Nimeandika ripoti fupi nikaiweka kwenye jalada. Labda umri unaanza kumgusa. Hata milima humomonyoka.

Ijumaa, 9 Juni

Sitasahau siku ya leo.

Nilikuwa nakata njia nyuma ya kanisa la Walutheri kwenda posta, saa moja na nusu asubuhi. Nikasikia kishindo. Pu! Baada ya muda, pu! Nikajificha nyuma ya pipa la taka, kwa sababu waraka hausemi kama kuonana na mchezaji nje ya uwanja kunaruhusiwa.

Alikuwa Bwana Peguero. Wamefunga godoro kuukuu kwenye uzio wa maegesho. Yeye anarusha, na mdakaji wetu ameketi juu ya ndoo akiwa na kengele ya kupimia muda wa kuchemsha mayai, ile ya umbo la kuku. Kuku anazungushwa, Bwana Peguero anafumba macho. Anafumba! Midomo inahesabu Kihispania. Kisha mkono unaruka, pu, na papo hapo kuku analia. Mipira thelathini. Thelathini! Kila mara mpira umo godoroni na kuku hajamaliza pumzi yake ya kwanza.

Mdakaji akamtania, Mzee, wewe si ndiye unayetaka tugome kwa ajili ya saa hii? Na umeshaimeza! Bwana Peguero akasema hana ugomvi na saa. Saa haijamkosea. "Mimi nataka kuulizwa tu, kijana. Mtu akija kubadilisha kitasa cha nyumba yako, hata kama kitasa ni kizuri, si anapiga hodi kwanza?"

Nilikaa nyuma ya pipa hadi miguu ikafa ganzi. Mrushaji wa polepole kuliko wote! Amejifundisha upya ufundi wote akiwa na miaka thelathini na sita, nyuma ya kanisa, kwa kengele ya mayai, na huku anapigania wenzake waulizwe. Saa ya kweli amekwisha kuiweka tumboni.

Ndipo nikaelewa hali ya hewa ya Jumanne. Upepo si kitu. Ni mimi. Yeye alihesabu kumi na tano za kweli, akainua macho, akakuta ubao unasema bado tatu. Nilimhamishia mlango!

Nimeamua kuacha. Kuanzia Jumapili, atakaporusha tena, nitabonyeza kwa wakati. Nalala na moyo mweupe.

Jumamosi, 10 Juni

Siwezi kuacha.

Bi Haugen ametangaza kwamba kesho anakuja mkaguzi wa ligi, Bwana Thorvald Eckhart, mwamuzi mstaafu, miaka sabini na moja. Mtu amelalamika kwamba saa za viwanja kadhaa hazilingani. Bwana Eckhart atapima mchezo wa kesho na kuulinganisha na kanda ya video ya Jumanne.

Nikibonyeza sawasawa kesho, ataona Jumanne ilikuwa na pengo na Jumapili haina. Atauliza kilichobadilika. Kilichobadilika ni dhamiri yangu, na dhamiri haina safu kwenye fomu. Lakini sekunde tatu zikiwa pale pale siku zote mbili, ataandika kwamba mtambo una kasoro. Kosa likirudiwa kwa usahihi huonekana kama kipimo.

Kwa hiyo kesho nitachelewa sekunde tatu kwa kila mtu. Wetu na wao. Kwa haki. Nimefanya mazoezi jioni nzima kwa saa ya jikoni, mara mia moja. Hitilafu yangu ni robo sekunde. Kwa kweli nimejishangaza.

Na Bwana Peguero? Amekuwa mrushaji miaka kumi na minane. Atazoea.

Jumapili, 11 Juni

Hakuzoea. Alifanya jambo kubwa zaidi ya kuzoea.

Alipanda kichuguuni, akaitazama saa mara moja, akaushusha ukingo wa kofia hadi kwenye nyusi. Hakuitazama tena mchana kutwa! Alirusha kwa hesabu yake. Ubao ulisema zimebaki nne, yeye amesharusha. Zimebaki nne, amerusha. Kama kuku wa kengele! Mafahali wa Kearby, wageni wetu, waliupiga mpira vizuri mara mbili tu mchezo mzima. Tumeshinda moja kwa sifuri. Watu walisimama duru mbili za mwisho, na bibi mmoja wa safu ya tatu alikuwa amefunika uso kwa kofia ya mumewe, anachungulia.

Nilisahau kuogopa. Nilisimama nami, kidole kwenye kitufe, moja, mbili, tatu, machozi yananitoka.

Bwana Eckhart alikaa chini yangu kabisa, na saa mbili za kupimia mbio zimening'inia shingoni. Hakula kitu. Dirk alimpelekea mahindi ya siagi akiwa ndani ya vazi la korongo, mzee akamwambia hali chakula akiwa kazini, halafu akamuuliza korongo kama ana kibali cha kuwa eneo lile. Nilimpenda mzee huyo papo hapo. Aliandika kila mpira. Kila mmoja! Mistari iliyonyooka, bila rula.

Kisha akaondoka bila kuniangalia.

Jumatatu, 12 Juni

Balaa.

Ripoti ya Bwana Eckhart imefika ligi. Saa ya Wessel Bend ilichelewa kuanza mara mia mbili na sitini na mbili, sekunde tatu kila mara, kwa usahihi ambao, ameandika, hajawahi kuuona kwa mtambo wala kwa mtu. Nikikiri ukweli, sentensi hiyo niliisoma mara mbili.

Lakini mwanasheria wa wenye timu ameshaishika. Anasema kanda ya Jumanne inaonyesha sekunde zile zilipewa Peguero peke yake. Peguero ni mwenyekiti wa chama. Basi chama kimeichezea saa. Na wanaoichezea kanuni hawawezi kupewa kiti kwenye kamati ya kanuni. Kikao ni Alhamisi. Kila mtu anasema jibu litakuwa hapana, tena hapana yenye dharau.

Wachezaji mia tatu na kitu! Vijana wasioulizwa hata rangi ya soksi. Kiti chao kimekalia kidole changu.

Saa nane Bwana Peguero alipita mlangoni. Alinisalimu. Akasema mawingu yanakusanyika. Nikasema ndiyo. Akasimama kidogo, mikono mfukoni. Akasema wakati mwingine mawingu huondoka kama mtu mmoja akifungua dirisha tu. Kisha akaniaga kwa upole, akaenda.

Anajua! Anajua tangu Alhamisi. Wala hakunitaja kwa mtu, maana ananihurumia. Sijawahi kuhurumiwa na mtu mkubwa kiasi hicho. Nimeshindwa kula.

Jumanne, 13 Juni

Nitakiri. Lakini kwa akili.

Nikimwambia Bi Haugen usoni, nitazimia, na akizimia mtu ofisini lazima ijazwe fomu. Kwa hiyo nimeandika barua isiyo na jina. Aya tatu. Inasema kwamba saa ilicheleweshwa na mtu mmoja asiye mchezaji, bila chama kujua, kwa sababu ya heshima kuu aliyonayo kwa Bwana Peguero, na kwamba mtu huyo ana huzuni na anatoka familia nzuri. Nimeipiga chapa. Bahasha nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Nimetembea mitaa minne hadi sanduku la posta la mbali, mvua ya mawe ikinipiga, ili muhuri usionyeshe mtaa wetu. Kisha nikakumbuka mji mzima una muhuri mmoja. Hata hivyo, ni barua nzuri. Ukweli utajulikana, mimi nitabaki kazini.

Jumatano, 14 Juni

Bi Haugen aliniita saa nne. Barua ilikuwa mezani. Dirk naye alikuwepo, ameleta mabango ya Jumamosi, na hakufukuzwa.

Bi Haugen aliniuliza kwa sauti ya chini kama nadhani nani ameiandika. Nikasema ni vigumu kujua. Akasema nisome mstari wa mwisho, ule wa chini kabisa kushoto.

Nikasoma. Kumb. Na. OV/WB/041. Nakala: Jalada.

Orrin Vandersloot, yaani mimi, Wessel Bend, barua ya arobaini na moja. Nilifundishwa hivyo! Barua isiyo na kumbukumbu namba si barua, ni karatasi. Na jaladani palikuwa na nakala. Bi Haugen alikuwa nayo tayari mkono wa pili. Alisema aliipata kwenye folda yenye lebo safi kabisa: Barua Zisizo na Jina.

Dirk alicheka hadi akaketi juu ya mabango. Alisema, "Aisee, Bwana Sekunde, wewe ukiiba benki utaacha risiti!"

Bi Haugen hakucheka. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia yote: kichuguu, sekunde arobaini za mwaka jana, godoro, kuku. Nilizungumza kwa muda mrefu. Alikuwa ameziweka simu zote mbili kifudifudi. Mwishowe akasema kesho saa mbili asubuhi niwe kwenye gari lake, tai shingoni. Tunakwenda kikaoni Des Moines. Nikasema lakini ukweli huu utawasaidia wachezaji dhidi ya ofisi yetu wenyewe. Akasema anajua utasaidia upande gani, hakuuliza hilo, anauliza kama nina tai.

Mwanamke wa chuma! Ninayo tai. Ni ya mazishi.

Alhamisi, 15 Juni

Niliandaa maelezo ya kurasa kumi na moja yenye vichwa vidogo. Nilipoitwa nikasimama, nikaona nyuso thelathini, nikasema, "Ni mimi." Nikaketi. Kurasa zikaanguka chini ya meza. Zilibaki huko.

Mwanasheria akauliza kwa kejeli kama tunatarajiwa kuamini kwamba karani mmoja mwoga aliipinda ligi nzima. Bi Haugen akasema anamfahamu karani wake, naye anaamini bila shida.

Ndipo Bwana Eckhart akaomba kusema. Alisimama taratibu, mkono kwenye kiti. Alisema alikuwa na saa mbili Jumapili. Moja alipimia ubao. Nyingine alimpimia mtu. Ubao ulikosea mara mia mbili sitini na mbili. Peguero hakuvuka sekunde kumi na tano za kweli hata mara moja, ingawa alizawadiwa kumi na nane. Alikuwa mwamuzi miaka thelathini na tatu, na hii ni mara ya kwanza kuona mchezaji akiwa mwaminifu kwa kanuni kuliko saa iliyowekwa kumchunga. Akaketi. Akazifunga saa zake ndani ya leso.

Hata mwanasheria alikuwa anatazama kalamu yake.

Bwana Peguero alizungumza mwisho, bila karatasi. Alisema saa ni kitu kizuri. Watoto wanakaa hadi duru ya tisa, ile ya mwisho, sasa, zamani walibebwa wamelala. Angewaambia hivyo wakati wa baridi, kama wangemuuliza. Angewaambia pia kwamba saa haina uzuri wowote zaidi ya kidole kinachoibonyeza, na kwamba kidole kimoja peke yake kwenye kabati, bila wa kukisimamia wala wa kukihurumia, kitakosea tu. "Hili tunalijua sisi tulio chini pale, mabwana. Nyinyi mko juu, mnaona ubao." Kisha akasema anaomba kijana wa saa asifukuzwe. Alinionyesha kwa kidevu. Mimi!

Watajibu kesho. Tumerudi na Bi Haugen kwa gari lake. Kwenye maili ya hamsini alininunulia pai ya rubabu, ule mmea mchachu wa huku.

Ijumaa, 16 Juni

Saa kumi na dakika ishirini simu ikalia. Bi Haugen akasikiliza, akasema asante, akaweka chini. Akasema wachezaji wamepewa. Kiti kimoja chenye kura moja; wenye timu wamepitisha saba kwa tano.

Hakuna mgomo!

Kelele zilitoka chumba cha kubadilishia nguo hadi picha ya mwanzilishi ikapinda ukutani. Nilitaka kwenda kuwapongeza. Nikausoma waraka. Haujafutwa rasmi. Nikaenda hadi mlangoni, nikapaza sauti kwamba hali ya hewa ni nzuri sana. Wakaitikia kwa miluzi. Mtu akanirushia taulo lenye maji. Nimelihifadhi.

Jumamosi, 17 Juni

Nimeondolewa kwenye saa. Dirk ndiye aliyebonyeza. Mimi nimevaa korongo.

Ndani ya korongo kuna joto la tanuri na harufu ya Dirk. Dirk alinifunga zipu mwenyewe, akaniambia shingo ndiyo inayocheza, bwana mkubwa, si makalio. Nilianguka mara mbili kutoka paani. Watu walidhani ni sehemu ya onyesho.

Lakini nimeona, kupitia tundu la mdomo. Duru ya sita, mpigaji wa Kearby alikuwa kijana mgeni, siku yake ya kwanza, ameshatumia ruhusa yake moja ya kusimamisha mchezo. Kamba ya kiatu imefunguka. Anahangaika nayo, fundo halifungiki. Bwana Peguero tayari ana mpira. Angeweza kurusha. Alisimama tu. Akapangusa paji la uso. Akatazama mawingu, kama zamani! Saa ikafika sifuri. Mwamuzi akamhesabia mpira mbaya, wa kwanza kwake mwaka huu wote. Akamwinamia mwamuzi kichwa: sawa kabisa. Kijana akafunga kamba. Akarudi mahali pake. Mipira mitatu iliyofuata hakuiona hata mmoja.

Tumeshinda nne kwa moja. Nililia ndani ya korongo. Hakuna mahali pa kupangusia machozi mle ndani.

Jumatatu, 19 Juni

Dirk ameajiriwa. Amestahili, nadhani. Majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu, na Bi Haugen ameahidi kunitazama kwa karibu. Nimeshukuru. Kutazamwa na mtu kama yule ni elimu.

Halafu akanipa habari yenyewe. Kamati mpya ya kanuni, yenye kiti cha wachezaji, inakutana Alhamisi kwa mara ya kwanza. Ajenda ni moja: kila kibanda cha saa kiwe na watu wawili, pendekezo la Bwana Peguero. Wanahitaji katibu. Bwana Peguero amenitaja mimi! Alisema karani anayeogopa huandika kila kitu. Bi Haugen akanyoosha kidole. Alisema niandike kinachosemwa. Kinachosemwa tu. Nisiongeze, nisipunguze, nisimsaidie mtu yeyote. Alinifanya nirudie kwa sauti. Nikarudia.

Nimeelewa kikamilifu. Mkono huu hautachezea kitu tena maisha yangu yote.

Jioni nikaanza kuwaza. Je, Alhamisi mkono ukitetemeka? Wakizungumza haraka? Nikikosa neno la Bwana Peguero katika siku kubwa kama ile? Mtu mwangalifu hujitayarisha.

Kwa hiyo nimeshaandika kumbukumbu za kikao. Kurasa tisa. Bwana Peguero anazungumza vizuri sana, anapigiwa makofi mara tatu, na pendekezo lake linapita kwa kauli moja saa tano na dakika kumi. Mwanasheria anaomba radhi kwenye ukurasa wa saba. Zimetoka safi, hazina hata kosa moja.

Kilichobaki ni kuwafanya waseme yaliyomo. Nina siku mbili.